MPE MKIMBIZI JEMBE, NA UMLIPE UJIRA WAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii nimeletewa swali na ndugu zetu waishio Marekani. Wanasema: "Sheikh, katika mji wetu kuna shamba dogo la mboga linaloajiri wakimbizi. Sasa linataka kupanuka. Wanataka kujenga chumba cha baridi, mahali pa kuoshea mboga na darasa, ili wachukue watu wengi zaidi. Wametuomba mchango. Wanaoliendesha si Waislamu, na wakimbizi wenyewe wamechanganyika, wako Waislamu na wako Wakristo. Je, tutoe? Na tukitoa, ni zaka au ni sadaka?"

Nimeona nisiwajibu faraghani, kwa sababu swali hili linatugusa hata sisi tusiovuka bahari. Nawaomba msome mpaka mwisho, hata kama ni refu.

Jibu fupi ni hili: toeni, na inshaAllah mna ujira. Jengo litolewe kwa sadaka. Zaka ina njia yake, nitaieleza hapa chini. Ama kwa nini nasema toeni, twendeni pamoja kwenye msingi.

KWANZA: NABII MUSA (A.S.) ALIKUWA MKIMBIZI, AKAAJIRIWA

Fungua msahafu wako, Suratul Qasas, kuanzia aya ya 20. Mtu anakuja mbio kumwonya Musa kwamba wakubwa wa mji wanashauriana kumuua. Musa anatoka Misri akiwa na khofu, huku akiangalia nyuma. Hana mzigo, hana jamaa, hana anakokujua. Anafika kwenye maji ya Madyan, anakuta watu wananywesha mifugo yao, na pembeni wanawake wawili wanazuia wanyama wao wasisogee. Anawanyweshea bila kuuliza malipo. Kisha anakwenda kivulini na kumlalamikia Mola wake, akikiri kwamba ni fakiri wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Sasa tazama dua yake ilivyojibiwa. Kilichomjia ni mwito wa kulipwa. Mmoja wa wale mabinti alikuja akitembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yake anamwita ampe ujira wa ile kazi ya kunywesha. Mzee aliposikia kisa chake alimtuliza, akamwambia asiogope, ameokoka na watu madhalimu. Binti naye akatoa rai: baba, muajiri huyu, kwani mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu na muaminifu. Mzee akaweka mkataba wa miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake mwenyewe, na akaahidi kwamba hataki kumtia taabuni.

Hesabu pamoja nami aliyopewa mkimbizi huyu: usalama, malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya, mkataba wenye muda unaojulikana, na ahadi ya kutokandamizwa. Juu ya hayo akapata mke na nyumba. Aya hizi tunazisoma kila siku, na wengi wetu tukizisoma tunawaza ndoa peke yake. Ndani yake mna somo zima la kumpokea aliyekimbia.

PILI: ANSARI NA MITENDE YAO

Muhajirina walipofika Madina wakitoka Makka, wengi wao waliacha nyumba na mali zote nyuma. Ansari walikuwa wakulima wa mitende. Imam Bukhari amepokea kwamba Ansari walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwomba agawe mitende yao baina yao na ndugu zao Muhajirina. Mtume (s.a.w.) akakataa. Ndipo wakakubaliana kwamba Muhajirina watashughulikia mitende, na wote wawili watashirikiana katika matunda. Wakasema wamesikia na wametii.

Subhanallah! Upo ukarimu wa kukupa nusu ya mali yako, na upo ukarimu wa kumwingiza mtu shambani mwako afanye kazi na ale mavuno pamoja nawe. Mtume (s.a.w.) alichagua huu wa pili. Umemwachia mwenye ardhi ardhi yake, na umemwachia mgeni heshima yake.

Na mnakijua kisa cha Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipounganishwa udugu na Saad bin Rabi'i (r.a.), Saad alimwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza jibini kavu na samli, na hatukupata kusikia baada ya hapo kwamba aliomba. Alikuwa akitoa yeye.

Kisa kina mwisho ambao wengi hawausimulii. Khaibar ilipofunguliwa na Muhajirina wakapata uwezo, waliwarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa wale matunda yake. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas (r.a.). Mkimbizi akiinuka vizuri, anarudisha.

TATU: SHAMBA LENYEWE HUFANYAJE KAZI

Baadhi yenu mnajiuliza, shamba la mjini ni kitu gani? Nawapa mfano unaojulikana. Katika mji wa Kansas City, upande wa jimbo la Kansas, kuna shamba liitwalo Juniper Gardens, lililo jirani na nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mwaka 2008 mashirika mawili, Catholic Charities na Cultivate Kansas City, yalianzisha hapo mpango wa kuwafundisha wakimbizi kilimo cha biashara. Waliolima hapo, wengi wao kina mama, wametoka Somalia, Burundi, Bhutan, Myanmar na kwingineko. Kila mmoja hupewa kipande chake, kama robo ekari. Mafunzo ni ya miaka kadhaa. Mwanzoni anasaidiwa mbegu, vifaa na maji, kisha kila mwaka anabeba gharama zaidi yeye mwenyewe, mpaka awe tayari kusimama na kutafuta ardhi yake. Anauza sokoni kwa mkono wake na anaweka hesabu yake.

Robo ekari ni kidogo, mtasema. Lakini mama aliyelima mchicha, ule ambao ndugu zetu wa Kongo na Burundi huuita lengalenga, anajua kwamba robo ekari ikitunzwa inatoa mboga nyingi. Tena miongoni mwa waliotoka Somalia wamo Wabantu wa Kisomali, ambao mababu zao wengi walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki, na wako kati yao wanaozungumza Kizigua mpaka leo. Damu yetu imefika mbali, ndugu zangu.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini shamba liombe pesa za chumba cha baridi? Kwa sababu mboga ya majani ikivunwa, saa zake zinahesabika. Usipokuwa na mahali pa baridi, huna budi kuvuna alfajiri ya siku ya soko, na usichokiuza unakitupa. Ukiwa na chumba cha baridi, unavuna Alhamisi, unaosha na kufunga mafungu Ijumaa, unauza Jumamosi, na kilichobaki kinangoja mteja mwingine. Hapo kazi ya kuvuna inakuwa ya siku nyingi, inazaliwa kazi ya kuosha na kufunga, na inazaliwa kazi ya kupeleka mboga kwa wateja. Kule kwenye barafu wakiongeza nyumba za plastiki za kukinga baridi, msimu unarefuka kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usione kuta na mabati tu. Hizo ni siku za kazi za watu.

Mashamba mengi ya aina hii yana utaratibu mwingine: familia hulipa mapema kabla ya msimu, kisha kila wiki wanachukua kikapu cha mboga. Wanafunzi wangu wa fiqhi hapa watakumbuka biashara ya salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana matunda kabla ya mavuno, kwa mwaka na kwa miaka miwili, naye akawawekea sharti kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Basi ndugu zetu mnaotaka kununua vikapu hivyo, ulizeni: kikapu kina nini, kiasi gani, mpaka lini? Mkiandikiana wazi mnakuwa mmemsaidia mkulima na mmejiepusha na utata.

NNE: ZAKA AU SADAKA?

Hapa naomba msikilize kwa makini. Zaka ina watu wake 8, waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, zaka lazima imilikishwe mwenyewe anayestahiki. Kujenga chumba cha baridi ambacho ni mali ya shirika hakumilikishi fakiri yeyote. Kwa hiyo ukuta, paa, mashine ya baridi na darasa, vyote hivyo vitolewe kwa sadaka, na mkitaka viendelee kuwafaa baada ya kufa kwenu, nieni sadaka ya kudumu.

Ama zaka, njia yake ni mkimbizi mwenyewe. Akiwa ni Muislamu fakiri au maskini, mpe mkononi mwake. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmu' kwamba mwenye kazi ya mikono apewe cha kununulia vifaa vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa, na mfanyabiashara apewe mtaji unaomfaa. Mtu ambaye riziki yake ni mashamba anaweza kupewa cha kununulia shamba au hisa ya shamba, ambalo mazao yake yatamtosheleza daima. Hiyo ndiyo kauli ya wanazuoni wetu tangu karne nyingi. Lengo la zaka kwao lilikuwa kumtoa mtu katika ufakiri. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine waliosema apewe cha kumtosha mwaka mmoja, na kauli hiyo pia ni ya kuheshimiwa.

Basi zaka yako inaweza kuwa majembe, mipira ya maji, mbegu za msimu na mizani, ikiwa unammilikisha mkimbizi Muislamu fakiri na si shirika. Mwenzake Mkristo aliye kwenye kipande cha pili usimpite. Huyo ana fungu lake katika sadaka yako. Suratul Mumtahana, aya ya 8, inatueleza kwamba Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na huyu mama wa Kikongo amekutoa nyumba gani? Yeye ndiye aliyetolewa.

TANO: WANAOPINGA WANASEMA NINI

Najua maneno yatakayoandikwa hapa chini, basi niyajibu mapema.

La kwanza: "Vijana wetu wenyewe hawana kazi, iweje tuwatafutie wageni?" Ndugu yangu, uchungu wako naujua, mimi naishi na vijana hao. Lakini Ansari hawakuwa matajiri. Suratul Hashr, aya ya 9, inawasifu kwa kuwatanguliza wengine ijapokuwa wao wenyewe wana uhitaji. Kisha angalia kwa macho: shamba likipanuka halichukui mgeni peke yake. Linataka dereva, fundi wa mabomba, muuzaji anayeijua lugha ya mji. Hao ni vijana wa hapo. Mkitaka, wekeni sharti kwamba sehemu ya vipande iwe ya vijana wenyeji. Hilo ni shauri jema, na wala si sababu ya kufunga mlango.

La pili: "Wenye shamba si Waislamu." Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, ambamo washirikina wa Makka waliapa kumsaidia aliyedhulumiwa. Baada ya kupewa utume alisema kuwa lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale katika Uislamu, angeitikia. Wema ni wema. Ulizeni tu mambo mawili: je, msaada una sharti la kumtoa mtu katika dini yake? Na je, pana kazi ya haramu ndani yake? Kama hakuna, toeni, na wala msione haya kujifunza. Haya iko kwetu sisi, tulio na aya za Madyan na hadithi ya mitende, kisha wakatutangulia wengine kuzifanyia kazi.

La tatu: "Wakipewa kazi hawatarudi kwao." Nabii Musa alipotimiza muda wake aliondoka Madyan na ahli zake. Muhajirina walirudisha mitende. Mtu mwenye akiba na ujuzi ndiye anayeweza kurudi kwao siku amani ikirejea. Asiye na kitu atarudi na nini?

SITA: NA SISI HUKU NYUMBANI?

Ndugu zetu wa Marekani wameuliza. Sisi je, mbona hatuulizi?

Sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1990 tunaikumbuka kambi ya Utange hapa Mombasa. Watu walikimbia vita vya Somalia, wakiwemo ndugu zetu wa Barawa, wanaosema Chimini, Kiswahili cha kwao. Mji wa Barawa ndio uliomtoa Sheikh Uways al-Barawi, ambaye athari yake ilifika Zanzibar. Wengi wa watu wale baadaye walichukuliwa nchi za mbali. Leo Dadaab na Kakuma bado zipo, ya kwanza tangu 1991 na ya pili tangu 1992, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili wamepunguza mikono yao. Januari 2025 Marekani nayo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mlango uliokuwa ukisubiriwa umefungwa, na sahani inazidi kuwa ndogo. Wakati kama huu ndipo jembe linapohitajika.

Sheria nayo tuizingatie. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021, inayomtambulia mkimbizi mwenye hati haki ya kufanya kazi, kwa taratibu na vibali vyake. Uganda kwa miaka mingi imekuwa ikiwagawia wakimbizi vipande vya ardhi katika makazi kama Nakivale. Tanzania utaratibu ni mwingine, wakimbizi wanatakiwa waishi kambini, kama Nyarugusu kule Kigoma, kwa hiyo ndugu wa huko aanze kwa kuuliza serikalini. Usimfiche mtu shambani ukadhani unamsaidia. Siku akikamatwa, utalala kwako na yeye atalala korokoroni.

Ukishajua sheria, tazama msikiti wako. Misikiti mingapi ina kiwanja cha wakfu kilichoota magugu, kimekuwa jalala? Maji ya udhu yanatiririka mara tano kila siku kwenda mtaroni. Kwa fiqhi yetu maji yaliyokwisha tumika kwa udhu wa faradhi hayatwahirishi tena, lakini yenyewe ni twahara, na mchicha, bamia na sukumawiki hazitaki zaidi ya hapo. Tahadhari moja: sharti la aliyeweka wakfu liheshimiwe. Kama alisema kiwanja ni cha makaburi, kibaki cha makaburi. Someni hati, waulizeni wasimamizi wa wakfu, kisha ndio mwanze.

Soko mnalo tayari. Safu ngapi zinatoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kupitia sokoni kununua mboga? Wekeni meza mlangoni. Anzeni na familia mbili, moja ya wakimbizi na moja ya wenyeji, na mkataba ulioandikwa wa msimu mmoja.

Na sasa nasema neno zito, nalo naliomba likae moyoni kuliko yote. Wako miongoni mwetu waliokwisha kuwaajiri wakimbizi, lakini kwa dhulma. Binti anafua, anapika, anaosha watoto, analipwa nusu ya anacholipwa mwenzake, kwa kuwa mwenye nyumba anajua hawezi kwenda kushtaki. Kijana anabeba mifuko kutwa, jioni anaambiwa njoo kesho. Na mwajiri yuko safu ya kwanza, ana tasbihi mkononi! Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah mwenyewe ametaja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mkimbizi hana wakili mahakamani, lakini Siku hiyo Wakili wake ni Mola wa walimwengu. Nani atasimama mbele ya kesi hiyo?

Kwa hiyo kabla hujachangia shamba la Marekani, kabla hujapika pilau ya wakimbizi mwezi wa Ramadhani ukapiga na picha, mlipe kwanza yule aliye nyumbani kwako. Mzee wa Madyan alianza hapo: alimlipa Musa ujira wa kazi aliyokwisha kufanya, ndipo akamweleza habari za mkataba.

Pilau ipikwe, ndugu zangu, mwenye njaa leo hangoji mchicha uote. Lakini ikishaliwa, tuulize: kesho huyu atakula kwa mkono wa nani? Na mkitaka kujua ukubwa wa jambo, kumbukeni Mtume (s.a.w.) alivyotufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kila atakachokula humo ndege, mtu au mnyama kinaandikwa kuwa ni sadaka yake. Vipi basi aliyempandisha mtu mzima aliyeng'olewa kwao na mizizi yake?

Ewe Mola wetu, Wewe uliyemhifadhi Musa njiani na ukampa kazi ugenini, wahifadhi waliotolewa majumbani mwao. Wape amani katika nchi zao, na kabla ya hapo wape riziki ya halali kwa mikono yao. Tusamehe ujira wa watu uliokwama mikononi mwetu, na utuwafikishe kuulipa kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Amin, Amin, Amin.

Wallahu a'lam.

Msambazie imamu wako na kamati ya msikiti wako. Na kama msikiti wenu una kiwanja kilicholala, andika hapa chini ni wa mtaa gani, tushauriane.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakaatuh.